Wiki ya Theluji na Maswali ya Mama

Mama yangu, uliyekuwa huchoki kuuliza,

Leo asubuhi mjukuu wako alisimama dirishani akaniuliza kwa nini mvua ina sauti na theluji haina. Aliniuliza kwa Kiswidi, kama kawaida yake. Nami nilimjibu kwa Kiswahili, kama kawaida yangu, kwamba sijui. Akanitazama kwa namna ile yako ya kutoridhika, kichwa upande, mdomo umebana. Nikaacha vyombo kwenye maji nikaja kukaa mezani kukuandikia.

Siku hizi tunakaa Husby, hukupaona. Ni nyumba mpya za kupanga, ghorofa juu ya ghorofa, na treni ya chini ya ardhi imefika juzijuzi tu, vituo vyake bado vinanuka saruji. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo ulivyoagiza. Ulipojifunza kusoma kwenye darasa la kisomo cha watu wazima, ukiwa na wajukuu tayari, ulinipelekea habari kwamba sasa hutaki mtu akusomee barua zangu. "Kihaya nakisema," ulisema, "lakini Kiswahili nakisoma. Niandikie hicho." Hii ya leo najua hutaisoma, na atakayeiona badala yako naye aisome. Sina la kuficha tena, na hilo ndilo hasa ninalotaka tulizungumze: wiki ile ya Februari, mwaka ule wa shida ya mafuta, ulipokuja kukaa nami katika mji mdogo karibu na Södertälje.

Mlikuja kina mama watatu wa usharika wetu, mmealikwa na usharika rafiki wa Stockholm. Siku kumi mlizungushwa makanisani, mkaimba, mkalishwa viazi. Kisha wenyeji wenu wakakupa wiki moja ukae na binti yako kabla ya kurudi Bukoba. Ijumaa mchana nikaja kukupokea kituoni. Ulishuka kwenye treni umevaa buti za kiume za kuazimwa, kitenge juu ya suruali ya sufu, na kofia iliyokufika machoni. Tulikuwa hatujaonana miaka mitano. Nilidhani utalia, maana mimi nilikuwa tayari nalia. Wewe ulinishika mabega, ukanitazama juu mpaka chini, kisha ukatazama barabara tupu nyuma yangu.

"Koku," ukasema, "hawa watu wamejificha wapi?"

"Wamo ndani, Mama. Ni baridi."

"Wote?"

Kwenye basi uliketi dirishani ukafuta ukungu kwa kiganja kila baada ya dakika. Ulisoma mabango kwa sauti, silabi kwa silabi, kama mlivyofundishwa. Tulipoingia mji wetu ulisoma "ba-ge-ri," nikakuambia ni duka la mikate. Ukasoma "a-po-tek," nikakuambia ni duka la dawa. "Basi Kiswidi ni rahisi," ukatangaza, na abiria wawili wakageuka. Kisha ukauliza swali nililokuwa nimeliogopa tangu barua yako ya kuja ilipofika.

"Na hospitali yako iko upande gani?"

Nikanyoosha kidole dirishani, kuelekea msitu.

Nyumbani niliitwa Sista Koku. Usharika mzima ulinisindikiza kwa maombi nilipokuja kusomea uuguzi, na kila barua iliyotoka huko iliuliza lini nitarudi kusimamia zahanati. Nami niliandika juu ya wodi, madaktari, kofia nyeupe. Ukweli ni kwamba chuo nilikuwa nimekiacha mwaka mmoja na nusu nyuma. Kazi yangu ilikuwa katika nyumba ya wazee ya mji ule, dakika tano kwa miguu kutoka nilipopanga. Nilikuwa naogesha wazee, nabadilisha mashuka, nakata kucha. Haikuwa kazi ya aibu. Kilichokuwa cha aibu ni barua zangu.

Kwa hiyo nilikuandalia uongo mwingine juu ya ule wa kwanza. Nilikuambia hospitali iko mbali, upande wa Södertälje, na kwamba kwa ajili ya mafua hawaruhusu wageni. "Hata mama wa sista?" ukauliza. Nikasema hata mama wa sista. Ukatikisa kichwa taratibu, ukageukia kile chuma cha kupashia joto chini ya dirisha, ukakigusa, ukataka kujua moto wake unatoka wapi.

Jumamosi nilikupeleka mjini ukaone. Unakumbuka vile vigari vya watoto? Vilikuwa vitatu, vimepangwa nje ya duka la mikate, na ndani ya kila kimoja mtoto amelala, pua nyekundu, pumzi inatoka kama moshi. Mama zao walikuwa ndani wanakunywa kahawa. Ulisimama ghafla hadi nikakugonga mgongo.

"Koku. Watoto wametupwa."

"Hawajatupwa, Mama. Huku ndivyo wanavyolala mchana. Wanasema hewa ya baridi inawajenga."

"Nani anasema?"

"Wote. Hata madaktari."

Hukubishana. Ulivuta kofia, ukajisimamisha kati ya kigari cha kwanza na cha pili, mikono kifuani, ukalinda. Nilikubembeleza tuingie, ukakataa. Tulisimama pale mpaka vidole vyangu vikafa ganzi, na watu wakapita wakitutazama bila kututazama, kama wanavyojua wao. Hatimaye msichana mmoja akatoka mbio, kakunja uso, akaniuliza kuna nini. Nikamweleza kwamba mama yangu anamlindia mtoto. Akacheka, uso ukamlainika, akauliza kama kwetu watoto hawalali nje.

"Mwambie," ukasema, "kwetu watoto hulala mgongoni."

Nilipotafsiri, aliinama akamtazama mwanawe kwa muda. Kisha akakuomba umwonyeshe inafanywaje. Ukavua kitenge chako cha juu palepale, kwenye theluji, ukamfunga yule mtoto mgongoni kwa mama yake, na wale wengine wawili wakatoka kuona. Nilitamani ardhi inimeze. Leo ningelipa chochote nisimame tena pale.

Jioni ile Märta alibisha hodi. Yule jirani wa chini, mjane, mnene, mwenye sauti nzito, mpishi. Alikuja na maandazi yale ya Februari yenye krimu katikati, akataka kumwona mgeni. Mimi nikamkaribisha: "Ingia, Märta." Ulinivuta pembeni mara moja.

"Mtu mzima kiasi kile unamwita jina lake tupu?"

Nikakueleza kwamba zamani nao walikuwa na vyeo vya heshima, bwana nani, bibi nani, lakini miaka michache iliyopita wameamua kwamba kila mtu amwite mwenzake "wewe."

"Waliamua wapi? Kwenye mkutano?"

"Sijui, Mama. Waliamua tu."

"Na wazee walikubali?"

Uliniamuru nimuulize Märta. Akafikiri, akalamba krimu kidoleni, akasema kuwa mwanzoni aliona kama mtu amemvua nguo hadharani, lakini sasa amezoea. Jibu hilo lilikufurahisha kiasi kwamba ukamwita Mama Märta tangu dakika ile hadi siku unaondoka, naye akalipokea jina hilo kama zawadi.

Mama Märta akatutengenezea kahawa. Hapo ndipo nilipojua kitu ambacho miaka yote ya kuishi nawe sikukijua. Ulikishika kikombe kwa mikono miwili hukunywa. Ulikinusa tu, ukauliza: "Hii ni yetu?"

Tangu ujana wako, Mama, umechuma kahawa. Umeianika, umeigeuza juani, umeipeleka kwenye chama cha ushirika kwa kichwa. Nyumbani tulikuwa tunaitafuna tu, zile punje zilizochemshwa na majani na kukaushwa, anazopewa mgeni kabla hajapewa kiti. Lakini kahawa ya kunywa hukuwahi kuionja. Ulisema hukuja Ulaya kuona majumba. Ulitaka kuona ile kahawa ikishaondoka kwetu inaishia mdomoni mwa nani.

Nikamtafsiria Märta swali. Akaleta pakiti, akavaa miwani, akasoma pande zote. Hapakuandikwa nchi yoyote. Paliandikwa tu mji wa Uswidi ilikokaangwa.

"Anakunywa mara ngapi kwa siku?" ukauliza.

"Tano," akasema Märta. "Sita, kukiwa na baridi."

"Mara sita kwa siku, na hajui imetoka wapi?"

Sikutaka kutafsiri. Ukaning'ang'aniza. Nikatafsiri kwa kulainisha, lakini Märta alielewa, akawa mwekundu hadi shingoni. Jumatatu alikwenda dukani akawauliza wenye duka. Hawakujua. Jumanne akarudi kutuambia kwamba hawajui, na kwamba yeye sasa halali vizuri.

Siku zile nilikuwa naondoka asubuhi, koti langu zuri nimevaa, napita barabara ya kituo cha basi kwa sababu ulikuwa dirishani unanipungia mkono. Nikishafika kituoni nazunguka nyuma ya kanisa, nashuka kwenye bustani, naingia nyumba ya wazee kwa mlango wa jikoni. Nikadhani mimi ni mjanja. Jumatano jioni ulikuwa unashona kifungo changu karibu na taa, ukaniuliza bila kuinua macho.

"Huku mtu akienda kupanda basi, huzunguka nyuma ya kanisa kwanza?"

"Kwa nini, Mama?"

"Nilitoka kutembea. Theluji ilikuwa mpya, hakuna aliyepita ila wewe. Nikafuata nyayo zako nione kituo kilivyo. Nikaona zinafika, halafu zinapinda."

"Ni njia ya mkato," nikasema.

"Aa." Ukakata uzi kwa meno. "Mwisho wa bustani nilichoka nikarudi."

Kisha ukaniuliza kama samaki chini ya ziwa lile lililoganda wanajua kwamba juu yao kuna watoto wanateleza. Nilicheka kwa nguvu kuliko swali lilivyostahili, kwa jinsi nilivyoona nimeponea chupuchupu.

Nilichokuwa sijui ni kwamba asubuhi hiyohiyo, mimi nikiwa kazini, ulikuwa umeshuka kwa Märta ukamfungulia mfuko ulioufunga kwenye majani makavu ya mgomba. Ulikuwa na buni mbichi, kijivu, kama ilivyotoka shambani, umeibeba toka nyumbani ili uone kama watu wa huku wataitambua. Hamkuwa na lugha ya pamoja, nyie wawili. Sijui mlielewanaje. Märta aliniambia baadaye kwamba ulikuwa unaonyesha buni, unaonyesha kikombe, halafu unaonyesha mikono mitupu, tena na tena. Naye hakujua kuikaanga. Tangu utoto wake kahawa ilikuja imeshasagwa. Lakini akakumbuka kwamba kazini kwake wapo watu wenye umri wa kujua. Na kazini kwake ndiko kazini kwangu. Sikuwa nimemweleza Märta kwamba mama yangu hajui. Ningemwelezaje?

Alhamisi akakuweka kwenye kile kiti chake cha kutelezea, unakumbuka, kile kilichokaa juu ya vyuma viwili virefu, mmoja anakalia na mwingine anasukuma nyuma kwa mguu mmoja. Watu wa mji ule waliniambia kwa miezi mingi baadaye jinsi ulivyoteremka mlima wa kanisani, mfuko kifuani, unapiga kelele za furaha, na Märta nyuma yako naye anapiga kelele.

Mimi nilikuwa chumba cha mwisho, kwa Signe. Alikuwa na miaka themanini na kitu, na tangu Krismasi hakutaka kuamka kitandani. Hakuwa na ugonjwa mkubwa. Alikuwa ameacha tu. Chakula alikisukuma, maswali hakuyajibu. Nilikuwa nimepiga magoti, miguu yake ndani ya beseni, apuroni ya buluu imelowa, nasugua kisigino. Nikasikia mlango. Nikageuka nikijua ni Märta, na alikuwa Märta kweli, na mbele yake ulikuwa wewe.

Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji. Nilitafuta la kusema, kwamba namsaidia mwenzangu, kwamba leo tu. Wewe ulitazama beseni, ukatazama apuroni, ukamtazama yule mzee. Kisha ukaja ukachutama kando yangu, ukatia vidole majini.

"Maji yana joto la kumtosha?" ukauliza.

"Yanamtosha," nikasema.

"Ongeza kidogo. Mguu wa mzee hausikii haraka."

Nikaongeza. Ukauvua mguu mmoja ukaupangusa mwenyewe, kidole kwa kidole. Signe alikufungulia macho. Nadhani alikuwa hajawahi kuona mtu mweusi ila mimi, na sasa wamekuwa wawili. Alikutazama, kisha akatazama mfuko uliouweka chini, uliokuwa umefunguka kidogo. Akasema neno la kwanza nililolisikia kwake tangu mwaka mpya.

"Kahawa mbichi," akasema. "Nani ataikaanga?"

Märta akapiga kofi mapaja. Akasema hapa jikoni hakuna anayejua. Na Signe, Mama, yule ambaye sisi watu wawili tulikuwa tunamgeuza kitandani, akasema kwamba tutaiunguza, watu wa siku hizi, tutaiunguza tu, na akaomba viatu.

Tulimpeleka jikoni kwa kiti cha magurudumu. Akadai kikaango cha chuma, kizito, akakataa viwili vya kwanza. Wewe ukashika mwiko, yeye akatoa amri, na mimi katikati natafsiri. "Usiache kukoroga." "Moto mdogo." "Sasa sikiliza." Tukasikiliza wote wanne, mpaka punje zikaanza kulia, tak, tak, na moshi ukapanda, na harufu ikatoka jikoni ikaenda kwenye ukumbi. Milango ikaanza kufunguka. Walikuja na fimbo, walikuja na majoho ya kulalia. Mzee mmoja akasema hiyo ni Jumamosi ya nyumbani kwao, alipokuwa mdogo, mama yake akikaanga. Mwingine akabisha kwamba kwao ilikuwa Ijumaa. Mtu akakumbuka kwamba kabatini kuna kinu kidogo cha mkono cha kusagia, kimewekwa kama pambo. Signe akakibana kati ya magoti akasaga mwenyewe, anapumzika, anasaga.

Ulipopewa kikombe ulikunywa funda moja, ukafumba macho. Wazee wote wakakutazama.

"Kumbe ndiyo hii," ukasema. Kisha: "Ni chungu. Wanainywa ya nini?"

Nikatafsiri, wakacheka hadi mmoja akakohoa tukampiga mgongo. Signe akakuonyesha njia ya zamani: bonge la sukari kati ya meno, kahawa kwenye kisahani, unavuta kwa sauti. Ulijaribu. Ukajaribu tena. Ulikunywa vikombe vitatu, ukatoa ile kahawa yako ya kutafuna, ukapita kwa kila mzee ukimpa punje mbili kiganjani, kama mwenye nyumba anayepokea wageni wake. Signe hakuwa na meno ya kutafuna. Aliziweka shavuni, akabaki nazo hivyo hadi jioni.

Ulimuuliza watoto wake wako wapi. Akajibu kwamba ana wawili wa kiume, mmoja Amerika, mmoja Stockholm.

"Stockholm hii ya treni?" ukaniuliza mimi. "Ya saa moja na kidogo?"

"Ndiyo."

Ulimtazama Signe, kisha ukanitazama mimi, na sikuweza kuyabeba macho yale.

Nilirudi nyumbani nikiwa tayari kuhukumiwa. Nilipika ndizi nilizozinunua kwa shida Stockholm, nikawasha mishumaa kwa sababu umeme ulikuwa unabanwa mwaka ule, nikaketi mbele yako nikisubiri. Uliniuliza kwa nini mishumaa ya huku haitoi moshi. Uliniuliza kama Signe atakula kesho. Uliniuliza Märta aliolewa na mume wa namna gani. Ulikula ukashiba, ukaniombea, ukalala.

Ijumaa jioni nikajikaza. Nikasema, "Mama, kuhusu kazi."

"Ndiyo?" Ulitua sindano mezani. Ulikunja mikono, ukanigeukia mwili mzima, ukasubiri. Hukuwa umesubiri jibu lolote wiki ile kwa namna ile.

Nikasema, "Kesho treni ni ya saa nne."

Ukasubiri bado kidogo. Kisha ukaokota sindano.

Kituoni Södertälje palikuwa na jua lile kali lisilo na joto. Ulisema umeuliza maswali yako yote isipokuwa moja. "Wataniuliza nyumbani. Niwaambie nini?"

"Waambie nafanya kazi na wagonjwa," nikasema.

Ulinifunga kifungo cha juu cha koti, kile ulichokishona. "Nitawaambia nilichokiona," ukasema, ukapanda treni, na hapohapo ukaanza kumsomea mabango jirani yako wa kiti.

Miaka minne nimeishi na maneno hayo, Mama. Barua zako ziliendelea kuja, za mvua, za mbuzi, za nani amezaa, na hukuligusa jambo lile hata mara moja. Nami sikuligusa. Nikaolewa, nikahamia huku, nikamzaa binti nikampa jina lako. Kila mtu wa kwetu aliponiandikia nilichunguza kila mstari nione kama wananicheka. Mwaka jana ukafariki wakati wa mvua za masika, na simu ya maandishi ilinifikia umeshazikwa.

Mwezi uliopita ndipo kaka Joas aliponiandikia barua ndefu. Nilikuwa nimemuuliza, kwa mara ya kwanza, ulisema nini uliporudi. Ananiambia kwamba ulisimama kanisani baada ya matangazo, umevaa zile buti, Bukoba, kwenye joto. Mzee wa kanisa akakuuliza habari za Sista Koku. Ukajibu hivi, Joas ameyaandika kama anavyoyakumbuka:

"Koku bado si sista. Nimemkuta amepiga magoti anaosha miguu ya bibi ambaye wanawe hawaji. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi tumalize, maana nina mengine ya kuwahadithia."

Anasema hakuna aliyecheka. Anasema ukawahadithia watoto wanaolazwa nje kwenye baridi, na usharika ukabishana juu ya jambo hilo hadi mchana, na zahanati haikutajwa tena.

Halafu, mwishoni, kana kwamba ni jambo dogo, Joas ameandika kwamba ulijua kabla hujaja. Yule mama wa Kiswidi aliyewahi kufanya kazi zahanati yetu alikuwa amekwenda chuoni kunisalimia, akaambiwa nimeacha, akakueleza. Ulijua ulipokuwa unashuka kwenye treni na buti zile. Ulijua ulipouliza hospitali iko upande gani. Ulipofuata nyayo zangu hadi mwisho wa bustani, hukuchoka, Mama. Wewe ulikuwa unapanda milima na mkungu wa ndizi kichwani. Uliona mlango nilioingia, ukageuka ukarudi, ukanipa siku nyingine. Wiki nzima ulikuwa unaniachia nafasi niseme mwenyewe.

Ningetaka kukuuliza ilikuwa vigumu kiasi gani. Ningetaka kujua kama Alhamisi ile ulimruhusu tu Märta akupeleke, au ulimwongoza wewe. Märta nilimpigia simu. Anasema hakumbuki wazo lilikuwa la nani.

Basi nisikilize sasa. Nilifeli, Mama. Nilifeli mtihani wa mwili wa binadamu mara mbili. Darasani walimu walisema kwa haraka, kwa Kiswidi, na pale ambapo sikuelewa niliitikia kwa kichwa kama nimeelewa, kwa sababu nilikuwa Mwafrika peke yangu na sikutaka waseme Mwafrika haelewi. Mwaka mzima sikuuliza swali hata moja. Mimi, mtoto wako. Matokeo ya pili yalipotoka nilipanda treni, nikashuka mwisho wa reli, nikaona tangazo la kazi kwenye nyumba ya wazee, nikabaki hukohuko. Wewe nikakuandikia juu ya kofia nyeupe.

Mwezi wa nane mwaka jana nilirudi chuoni. Mimi ndiye mkubwa kuliko wote darasani, na mimi ndiye ninayewachosha walimu. Wiki iliyopita nilimsimamisha mmoja mara nne katika somo moja juu ya figo, hadi wenzangu wakaguna. Mara ya nne akakiri kwamba hata yeye hana hakika, akaenda kutazama kitabu. Mtihani ni mwezi wa tano. Sijui nitaufaulu. Nikifaulu nitamwandikia Joas ausomee usharika. Nikifeli nitamwandikia Joas ausomee usharika.

Lala salama kwenye ardhi yako yenye joto. Mjukuu wako bado yuko dirishani, na bado hajanisamehe kwa kutojua habari ya theluji. Naenda kumwambia tutafute pamoja.

Mwanao uliyemsubiri,
Koku